Hadithi Niliyoipa Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

"Hadithi za mambo yasiyokuwapo huandikwa na watu walioshindwa kuyatazama yaliyopo." Hayo ameyaandika Bwana Kimsingi, mhakiki, kwenye gazeti la jana. Ukurasa mzima! Na picha yake juu, ameshika kidevu. Namwita Bwana Kimsingi kwa sababu hawezi kufungua kinywa bila kusema kimsingi.

Upuuzi mtupu. Kesho haipo, mbona anaitegea saa ya kengele? Mtoto aliye tumboni hajaonwa na mtu, na tayari mashangazi wamenuniana juu ya jina lake. Nusu ya maisha yetu tunaishi ndani ya mambo yasiyokuwapo, na anayeyaandika hayo ndiye pekee anayesema ukweli. (Sentensi nzuri. Itumike tena.)

Nimeanza kumjibu. Kurasa nne kabla ya chai.

Lakini jibu lenyewe hasa ni hadithi. Ninayo! "Kuta Zinazokumbuka", maneno elfu tisa na mia mbili. Katika mji ambao kuta hazisahau sauti, mjenzi anaitwa abomoe ukuta ambao bado unazungumza kwa sauti ya marehemu mama wa mwenye nyumba. Kazi ya miaka miwili. Lazima itoke kwenye jarida, lile lile lililonikataa mara kumi na moja. Miaka ishirini naandika, na sijawahi kuliona jina langu mle hata kwenye ukurasa wa masahihisho. Ya kumi na mbili ikikataliwa, nimemwambia mke wangu, nitaacha kuandika na kufuga kuku. Mke wangu akasema kuku wamekosa nini.

Sasa njama. Jarida hutuma kila hadithi, bila jina wala kichwa, kwa wasomaji wawili wa awali. Kila mmoja hutoa alama, sifuri hadi kumi. Mmoja wao ni mimi, maana hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Mwenzangu simjui. Mhariri hutuficha ili tusifuatane majumbani kugombana. Bila shaka msomaji hapewi hadithi yake mwenyewe. Lakini je, nikituma kwa jina la bandia? Itanirudia mimi, haina jina, nami nitaipa kumi. Kwa haki kabisa, maana inastahili.

Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kama kuna kitu kimenipalia.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ni muuguzi, na leo ni siku yake ya mapumziko. Nimemwomba anitumie hadithi, kwa kuwa niko ukurasa wa tisa wa kumjibu Bwana Kimsingi na moto umekolea. Nimemwambia aweke jina lolote, na namba ya simu iwe yake, si yangu. Akasema ataweka jina la bibi yake mzaa mama, ambaye hakusoma lakini alijua kusimulia.

Baada ya dakika kumi akarudi. Fomu imegoma. Inataka maneno elfu tatu, si zaidi. Nikamwambia fomu haijui fasihi. Akasema haijui na wala haijali. Nikampungia mkono. Mama Watoto, nikamwambia, fanya unavyojua, mimi niko vitani.

Akakaa na kompyuta jikoni tangu saa nne mpaka saa nane mchana. Nilimsikia akicheka mara moja. Mara moja akapenga kamasi. Aliporudi akasema imekwenda, ila ameipunguza kidogo. Nikasema vizuri, vizuri. Nilikuwa natafuta neno kali kuliko "mpumbavu" ambalo lina heshima.

Sijalipata.

Ijumaa, 7 Machi

Hadithi nane zimefika! Nimeketi mgongo wima kama hakimu.

Ya kwanza, mapacha na pete ya ajabu. Nne. Ya pili, roboti anayependa. Anapenda, anapenda, anazimwa. Tatu. Ya tatu, mtu anaamka na kumbe ilikuwa ndoto. Moja, na hiyo moja ni ya karatasi. Naitafuta yangu. Nitaitambua kwa mbali: inaanza na kurasa kumi na moja za historia ya ukuta tangu kuumbwa kwa ulimwengu, kisha Katiba ya Baraza la Kuta, vifungu arobaini.

Haimo. Badala yake nimekutana na hadithi ya sita. Inaanza hivi: "Mjenzi aligonga ukuta, na ukuta ukaitikia."

Hivyo tu! Hakuna ulimwengu kuumbwa. Hakuna Baraza. Nikasimama. Mji wa kuta zenye sauti. Mjenzi. Marehemu mama. Nimeibiwa! Mtu ameingia kichwani mwangu mchana kweupe na kutoka na kila kitu!

Nimeisoma yote kwa hasira. Nilipofika mwisho, chai ilikuwa imepoa mkononi mwangu na sikuwa nimeinywa hata funda moja. Hiyo pia ilikuwa hasira.

Jumamosi, 8 Machi

Ripoti juu ya hadithi ya sita: kurasa sita. Nilikuwa na furaha kama mtu anayeoga baada ya safari. Nanakili hapa sehemu bora:

"Mwandishi huyu ni mwizi, tena mwizi mvivu: ameiba nyumba, akaacha samani zote. Baraza la Kuta liko wapi? Vifungu arobaini viko wapi? Mwisho wake hauna hotuba! Mtu wa namna hii hafai kupewa kalamu, hata ya kusainia mahudhurio."

Alama: sifuri. Nimeipigia mstari mara mbili.

Mke wangu ametoka kazini akauliza kama hadithi yetu imefika. Nimemwambia bado, labda imo katika fungu lijalo, na kwa sasa nashughulika na mwizi. Mwizi gani? Nikasema siri ya kazi. Akasema hata yeye ana siri za kazi, lakini hazimtoi povu.

Jumanne, 11 Machi

Mhariri amepiga simu. Ni mama wa maneno machache, ukimsikiliza utadhani anasoma maandishi ya kifurushi. Akasema: hadithi ya sita, wewe sifuri, mwenzako tisa. Kanuni: tofauti ikizidi tano, wasomaji wanakutana mbele yangu, kila mtu atetee alama zake. Kesho, saa tatu asubuhi.

Tisa! Mwenzangu ana ugonjwa. Nikasema nitakuja na ushahidi. Ushahidi wa nini, akauliza. Nikasema utaona mwenyewe, mama. Akakata.

Nimepiga pasi shati. Nimechapa mswada wangu wote, kurasa thelathini na moja. Nimejizoeza mbele ya kioo jinsi ya kuutua mezani. Mke wangu akapita akaniuliza nampiga nani.

Jumatano, 12 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Ofisi ya jarida ni chumba kimoja juu ya duka la daftari. Feni inayolalamika. Meza ya miguu mitatu, na mahali pa mguu wa nne pana rundo la matoleo ya zamani. Mhariri kakaa. Mbele yake, ameshika kidevu kama kwenye picha, Bwana Kimsingi!

Nikauliza huyu anatafuta nini hapa. Akasema yeye ndiye tisa. Nikamkumbusha yaliyo gazetini. Akasema, kimsingi, mtu hawezi kupinga asichokisoma. Nikasema wako wengi wanaoweza, tena wana picha gazetini. Mhariri akagonga kalamu. Akamwambia Bwana Kimsingi aanze.

Akaanza, na hakusema kimsingi hata mara moja. Alisema alimzika mama yake mwaka juzi. Chumba cha mama bado kipo. Mara tatu ameita fundi aje avunje ukuta, aunganishe chumba na sebule, na mara tatu amemnywesha fundi chai na kumrudisha kwake na nyundo yake. Alidhani huo ni ujinga wake peke yake, hakuwahi kumwambia mtu. Halafu akasoma juu ya mjenzi yule. Akasema hiyo si hadithi ya mambo yasiyokuwapo. Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Nikatoa leso nimpe. Nikairudisha mfukoni. Vita ni vita. Nikautua mswada mezani, puu! Nikasema machozi yote hayo ni mali ya wizi. Mji ni wangu! Mjenzi ni wangu! Hata marehemu ni wangu!

Mhariri akapekua. Akaweka hadithi ya sita kando ya mswada, akafuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Akakubali: kweli, maneno karibu yote ni yale yale, yamechaguliwa tu. Nikamtazama Bwana Kimsingi kama mshindi. Mhariri akauliza ni nani mwingine aliyewahi kuushika mswada huu. Nikasema hakuna! Hayupo duniani! Ni mimi na mke wangu tu!

Niliisikia sentensi ile ikitoka. Nikatamani kuikamata mkia.

Mhariri alikwishachukua fomu na simu. Akapiga namba ya mwandishi, akaweka kipaza sauti. Akaitika mke wangu, nyuma yake magurudumu ya kitoroli. Akasema yuko wodini, semeni upesi. Mhariri akauliza kama yeye ndiye mwandishi wa hadithi ya mjenzi na ukuta. Mke wangu akasema hapana, ni ya mume wake, yeye aliitoa mafuta tu. Kisha akauliza, kwani imepita?

Bwana Kimsingi alianza kucheka kwa pua. Yakafuata mabega. Kisha akaiegemea meza, matoleo ya zamani yakateleza, meza ikalala upande, na mswada wangu ukaenea sakafuni kwa mpangilio bora kuliko wa awali (maneno yake, si yangu). Mhariri, ambaye sijawahi kuyaona meno yake, nimeyaona yote.

Nilibaki nimesimama. Kumi na mbili, nikawaza. Kuku wanakuja.

Mhariri alipopata pumzi akafungua kanuni. Alisoma kwa sauti: msomaji wa awali haruhusiwi kujipa alama za kupita. Akageuza ukurasa. Akageuza tena. Hakuna mahali, akasema, panapomkataza mtu kujipa sifuri. Jambo hilo halikuwahi kumpitia mtu akilini.

Hukumu: kwa ule ujanja wa jina la bandia, mimi si msomaji wa awali tena kuanzia leo. Hadithi imepita kwa tisa ya Bwana Kimsingi. Itatoka kwa jina langu halisi. Sharti moja: lisiongezwe hata neno.

Imepita! Nimeapa kwa sauti kubwa. Ningeapa chochote.

Bwana Kimsingi akanipa mkono na kusema, kimsingi, hongera. Akaongeza kwamba ripoti yangu ni uhakiki mbaya kuliko wote aliowahi kusoma, na anaomba nakala.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu alicheka mpaka akavua viatu. Nilipoona ametulia nikamuuliza, kwa uchungu, alipata wapi moyo wa kufuta kuumbwa kwa ulimwengu. Akasema kila siku anakabidhi wodi ya wagonjwa thelathini kwa dakika kumi. Muuguzi anayepokea zamu hataki kujua ulimwengu ulianzaje. Anataka kujua nani anaumwa, na anaumwa wapi. Nikamwambia hiyo si nadharia ya fasihi. Akasema sawa, Baba Watoto, lakini imepita.

Hapo sote wawili tukakumbuka kwamba imepita! Tumecheza jikoni bila muziki, mimi na mwiko, yeye na soksi. Jirani akagonga ukuta. Nasi tukagonga.

Jumapili, 6 Aprili

Toleo limetoka. Jina langu, ukurasa wa kumi na nne, herufi nene! Nimelionyesha kwa jirani, kwa mwuza magazeti aliyeniuzia, na kwa mtu aliyekuwa anasubiri kitu kingine kabisa. Gazetini Bwana Kimsingi ameandika safu yenye kichwa "Nilikosea". Nusu ukurasa, lakini nimeisoma mara tatu kwa sauti, ikawa ukurasa na nusu. Nimemweleza mke wangu kwamba kukata hadithi ulikuwa mkakati wangu tangu mwanzo. Akasema anaelewa.

Mhariri amenitumia barua ya msomaji, mwashi mstaafu. Anasema hajasoma hadithi tangu shule. Anasema sentensi ya mwisho, "Akashusha nyundo, akaomba kiti," imemfanya atoke nje akae peke yake kitambo. Anauliza niliipata wapi.

Nikamjibu papo hapo: ilinijia baada ya miaka miwili ya tafakuri. Kisha nikafungua mswada nimtajie ukurasa.

Haimo. Nimepekua kurasa zote thelathini na moja. Mswada wangu unaishia kwa hotuba ya Mwenyekiti wa Baraza la Kuta. Nikamuuliza mke wangu kwa kuzunguka, kana kwamba nimesahau, ile sentensi ya kiti ilitokana na nini hasa. Akasema, bila kuacha kukunja nguo, kwamba mjenzi alikuwa amesimama tangu ukurasa wa kwanza, yeye akamwonea huruma.

Nikafikiri kwa dakika nzima. Kisha nikachukua kalamu, nikaiandika pembeni mwa ukurasa wa thelathini. Nikaidondoshea chai. Nikaianika dirishani. Nikaikalia kidogo.

Kesho naanza mwendelezo: maneno elfu kumi na nne, na mara hii kuna Baraza la Paa pia.

Nanyi wasomi mtakaokuja siku moja kuchambua miswada yangu, nawataka mnisikilize vizuri. Mkifika ukurasa wa thelathini, andikeni kwamba sentensi ya pembeni ni ya tangu mwanzo kabisa. Msiipime wino. Msiinuse. Wala msimuulize mke wangu.