Kiti cha Dola Mia Nne Karibu na Mlango wa Jiko

Vesna Creek,
Novemba, theluji ya kwanza imeshaanguka.

Kwa Mheshimiwa Darcy Hawryluk,
Mbunge wa Mkoa, Jimbo la Vesna Creek na Bluff Lake.

Mheshimiwa mpwa wangu,

Mimi ni mzima, na natumaini nawe u mzima, ingawa picha yako iliyobandikwa kwenye ukuta wa uwanja wa barafu inaonyesha umenenepa shingo. Nilipiga simu ofisini kwako kabla ya kuandika. Msichana wako wa ofisini akaniuliza kwa adabu sana, "Mama, wewe ni mwananchi wa kawaida au ni rafiki wa chama?" Nikamwambia mimi ni shangazi yako. Akasema kwenye kompyuta hakuna sehemu ya shangazi.

Basi nakuandikia kama mwananchi wa kawaida. Malalamiko yangu nimeyapa namba, maana tangu utoto wako hukuweza kufuata jambo lisilo na namba.

1. Bei ya kukuona.

Mheshimiwa, mimi nimekuogesha. Mama yako alipougua, ulilala kwangu majira mawili ya baridi, ukala uji wangu, ukakojolea godoro langu, na sikukutumia ankara. Lakini mwezi Machi nilipoomba dakika kumi za kuzungumza na wewe na Waziri wa Afya kuhusu wodi ya wazazi, niliambiwa kwamba nafasi pekee iliyopo ni kwenye chakula cha jioni cha chama, dola mia nne kwa kiti. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Hawakusema kwamba udhia wenyewe utakuwa mtoto wa kaka yako.

Sikuwa na hizo fedha. Akina mama wa kanisa ndio walionichangia. Kwaresima nzima tulikaa kwenye ukumbi wa chini tukifinyanga pirohi za unga, tukizijaza viazi na jibini, tukazichemsha na kuwauzia watu wanaotoka kwenye mchezo wa magongo ya barafu. Bi Lorraine Dubinsky, mkunga wetu aliyestaafishwa siku wodi ilipofungwa, aliinua mwiko akaniambia, "Orysia, unajua tunachofanya hapa? Tunachemsha viazi ili tununue sikio la mtoto uliyemlea."

Nikamwambia, "Chumvi imepungua."

2. Sababu ya kutaka kukuona.

Nasikia hujaarifiwa vizuri kuhusu jambo hili, kwa kuwa ulituma kadi ya pongezi yenye picha ya korongo aliyebeba kitoto na sahihi ya mashine.

Mjukuu wangu Natalka alishikwa na uchungu mwezi Februari, baridi ikiwa ya kupasua mawe. Wodi ya hapa ilikuwa imefungwa tangu mwaka uliotangulia, kwa maelezo kwamba akina mama wa Vesna Creek ni wachache mno kuigharimia. Kwa hiyo mumewe, Cody, alituweka kwenye pikapu kwenda hospitali ya mjini, mwendo wa saa mbili na nusu barabara ikiwa nzuri. Haikuwa nzuri. Kila shimo lilimtoa Natalka ukelele ambao sijapata kuusikia hata kwa mnyama.

Tulipofika karibu na machimbo ya kokoto, Natalka akasema, "Simamisha."

Cody akasema, "Mpenzi, bado kilomita tisini."

"Sijakuuliza kilomita. Nimesema simamisha."

Akasimamisha. Hapo, Mheshimiwa, sina budi kukushukuru, kwa kuwa kipande hicho cha barabara, kutoka lango la machimbo hadi njia panda, ndicho pekee chenye lami mpya katika jimbo lako. Kilikuwa laini kama kitambaa cha meza. Mtoto alitoka pale pale, mikononi mwangu, kwenye kiti cha nyuma. Alitoka wa buluu na hakulia. Nilimsugua mgongo kwa skafu yangu, nikampuliza puani, nikamsugua tena, na Cody alikuwa amesimama nje kwenye upepo ameshika mlango, akisema, "Bibi, kwa nini halii? Bibi, kwa nini halii?" Sijui tulikaa muda gani hivyo. Nilikwisha kumwombea sala ya marehemu, Darcy, nusu yake, alipokohoa na kupiga kelele.

Anaitwa Sonja. Yu hai na ana mashavu. Lakini mimi bado naamka nikiwa nimeshika mto, nausugua.

3. Chakula chenyewe.

Kiti changu kilikuwa karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo kila mhudumu akitoka ananigonga bega. Nyama ilikuwa ngumu. Bwana Rudy Tollefsen, mwenye machimbo ya kokoto, alikuwa amenunua meza tatu, na Waziri aliketi kwenye ile ya katikati. Wewe ulipita ukisalimia, ukanipa mkono, ukasema, "Asante kwa mchango wako," kisha ukanitazama na kuona ni nani.

Ukasema, "Shangazi! Umefuata nini huku?"

Nikasema, "Nimefuata dakika kumi."

Ukasema, "Si hapa, Shangazi, nakuomba. Si mbele ya watu."

Mheshimiwa, naomba nielezwe. Ofisini hukai, nyumbani huji, na mahali nilipolipia kukuona ndipo usipotaka kuonekana na mimi. Basi niliinuka mwenyewe nikaenda kwenye meza ya Waziri, nikamweleza habari za Natalka, wote wakisikia. Waziri aliweka uma chini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama," akasema, "jambo lako ni zito. Nimelisikia."

"Umelisikia au umelielewa?"

"Nimelisikia sana," akasema, na msaidizi wake akaja kumchukua kwa ajili ya picha.

Bwana Tollefsen akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Kumbe barabara yangu imekuwa wodi." Meza nzima ikacheka. Wewe pia ulicheka. Nilikuona.

4. Fadhila ya serikali kwa wenye fadhila.

Hili ni fupi. Tulipotaka kununua kitanda cha kuzalishia ili hospitali isiwe na kisingizio, mhasibu wa mjini alitueleza kwamba mtu akichangia hospitali, hazina ya serikali humrudishia kidogo katika kodi. Lakini akichangia chama chako, hurudishiwa robo tatu. Nilimwambia arudie, nikidhani masikio yangu yamezeeka. Akarudia. Kwa hiyo katika ile nyama ngumu, robo tatu ya kila kipande ililipwa na umma, pamoja na Natalka, ambaye hakualikwa.

5. Uchaguzi wa Oktoba.

Bi Lorraine alikasirika akagombea. Bwana Glen Pruden, mkulima wa Bluff Lake, naye alikasirika akagombea, kwa chama kingine, kwa sababu hiyo hiyo ya wodi. Wewe ulikuwa na mabango kila nguzo, matangazo redioni asubuhi na jioni, na basi lenye uso wako. Lorraine alikuwa na gari lake na mimi. Tulibisha milango hadi vidole vikafa ganzi. Mzee mmoja alitufungulia, akatusikiliza hadi mwisho, akasema, "Nakubaliana na kila neno, akina mama, lakini nimeshamwahidi Glen. Naye anasema hayo hayo."

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wa maveterani. Katika kila kura mia, wewe ulipata thelathini na saba, Lorraine thelathini na tatu, Glen thelathini. Yaani watu sitini na tatu kati ya mia walisema wodi ifunguliwe, na aliyeshinda ni yule aliyesema isifunguliwe. Ulipanda jukwaani ukatamka, "Wananchi wamenena." Ni kweli walinena, mpwa wangu. Walinena kwa sauti mbili, na wewe ukapita katikati yao kama mbuzi kwenye ua lenye pengo.

Kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Lorraine na Glen walikutana penye kutundikia makoti.

"Ungeniachia mimi," Glen akamwambia.

"Ungeniachia wewe," akasema Lorraine. "Umewahi kuzalisha nini zaidi ya ndama?"

"Ndama wangu hawakupoteza uchaguzi."

Walikuwa marafiki miaka mingi. Sasa Glen akiingia dukani, Lorraine anatoka. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliyekukasirikia wewe. Na nasikia mkoa mzima ni hivyo hivyo: watu wanne katika kila kumi walikichagua chama chako, nacho kimebeba viti saba katika kila kumi. Ningegawa mkate kwa hesabu hiyo, ungeniitia polisi.

6. Maombi yangu.

Sina chuki, na mgala muue na haki yake mpe: ulishinda kwa sheria iliyopo. Ninachoomba ni kwamba sheria hiyo ifuatwe hadi mwisho wake. Kwa kuwa ulichaguliwa na thelathini na saba katika mia, naomba utuwakilishe kwa kiasi hicho hicho. Upokee thelathini na saba katika kila dola mia za mshahara. Ukisimama kuhutubia Bunge, ukae mara tu ufikapo theluthi ya hotuba na kidogo, hata kama sentensi haijaisha, wengi watashukuru. Dola na dakika zilizobaki wagawiwe Lorraine na Glen, wakazungumze huko badala ya kununiana dukani.

Naomba pia waliokuchangia waandikwe kwenye koti lako, kama wachezaji wetu wa magongo wanavyovaa majina ya wafadhili. Jina la kokoto likae mgongoni, ndilo kubwa. Hivyo ukigeuka kutupa kisogo tutajua ni nani anayetutazama.

Na endapo haya ni mazito, basi nitaanza mimi nyumbani. Mkesha wa Krismasi familia yote inakuja kwangu kama kawaida, na vyakula kumi na viwili vya desturi yetu vitakuwa mezani. Mwaka huu tutapiga kura. Upande utakaopata kura nyingi kuliko wengine, hata kama ni watu watano katika kumi na wanne, utakula vyakula vyote kumi na viwili, na wengine watawakilishwa. Watakaa wakitazama wakijua kwamba wamenena. Wewe ukitaka kuhudhuria, kiti ni dola mia nne, karibu na mlango wa jiko. Ukitaka kuzungumza na mimi, Mheshimiwa, si hapo, nakuomba. Si mbele ya watu.

Lakini nikiweka mzaha pembeni, ninachokitaka kinaenea kwenye kiganja. Viti vya Bunge vilingane na kura za watu. Michango iwe na kikomo, na itoke kwa watu wenye vitovu, si kwa makampuni. Na mtu asimlipe mbunge wake ili amwambie kwamba mtoto alikaribia kufa. Nimeishi miaka sabini na mmoja na nimepiga kura kila nilipoitwa. Sijawahi kuhisi kama nilivyohisi mwaka huu, kwamba kura yangu ni bahasha niliyoituma kwenye nyumba isiyo na mtu.

Nisalimie mkeo Shauna na watoto; mwambie Shauna mitungi yangu ya achari bado anayo. Nisalimie msichana wa ofisini, hana kosa. Nisalimie Waziri, ikiwa bado anasikia. Natalka anakusalimu, Cody hakusalimu.

Ni mimi, katika utumishi wa kukulea,

Orysia Kostiuk,
shangazi yako na mwananchi wa kawaida.

Nyongeza: Sijaifunga bahasha, Bwana Tollefsen amekuja mwenyewe, amekaa jikoni kwangu na buti zake za theluji. Anasema habari ya Natalka haikumtoka kichwani tangu ile jioni, na kwamba juzi, wakiwinda bata, alimwambia Waziri neno moja tu. Wodi itafunguliwa mwezi wa kwanza, Jumatatu hadi Jumatano, nayo itaitwa Wodi ya Wazazi ya Kokoto za Tollefsen. Nilimwuliza kwa nini neno lake moja limetosha na yangu yote hayakutosha. Akanijibu kwa upole, "Bi Orysia, maneno yako yalikuwa mazuri. Ulikaa meza mbaya tu." Nimemkatia keki. Lorraine hataki kusikia, amekata simu, lakini akina mama wengine tumeshawaambia wajawazito wajipange mwanzoni mwa juma. Kwa hiyo naomba uisome barua hii kuanzia hapa, na uishie hapa hapa. Mkesha wa Krismasi njoo na familia yako, utakaa kando yangu, hulipi kitu. Kwenye chakula cha chama cha mwakani tuwekee meza nzima, mbali na jiko; viazi tumeshanunua. Na kuhusu kubadili mfumo wa kura, naona tusiwe na haraka. Ndiyo kwanza tumeijua bei.