Magoti Yangu na Chupa ya Docteur Micheline

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa saba, 1976

Kaye hii, daftari ya labo, docteur alinipa niandike joto ya panya, asubuhi na jioni. Bon. Panya wako na ukurasa wa mbele, mimi niko na wa nyuma. Mutu mukubwa lazima mambo yake iandikwe. Nilisoma miaka mbili ku misioni. Siku nilitoka, mwalimu alilia.

Mimi ni Emile. Serikali imekataza majina ya wazungu, ku karatasi niko na jina lingine. Lakini muke wangu, Mama Angèle, akiita Emile, chakula inatoka. Donc Emile.

Kazi yangu hapa Kabondo ni kufagia labo na kulisha panya. Kazi yangu ya kweli ni samaki. Sisi ni Wagenia. Ku maporomoko, katikati ya maji makali, kuko miti ya familia yetu, imesimikwa ku mawe, tunatundika mitego. Hakuna mutu amepanda ile miti kama mimi. Samaki wenyewe walikuwa wanatoka kuangalia.

Sasa maji imeshuka. Siku ya posho, jumamosi, tunafunga kamba mpya, na wakubwa wa mutaa wamekubali iwe ndiyo salongo yetu, ile kazi ya lazima ya kila wiki. Sheria ya familia ni moja: anayefunga kamba ya kwanza, ile ya juu kabisa, ndiye mwenye nafasi mwaka muzima. Miaka kumi na tisa ni mimi. Lakini magoti! Asubuhi nikisimama yanalia, mbwa anatoka inje kuona nani anakuja.

Alphonse alipita. Ni mutoto wa marehemu yaya Pierre, ndugu yangu mukubwa. Akasema: papa mudogo, mwaka huu upumzike, mimi nitapanda. Papa mudogo! Mudogo wapi? Nilimwambia nitakuwa juu yeye akiwa bado anatafuta viatu.

Jumanne, tarehe 6

Docteur Micheline ni mutu wa Kindu. Mwili kidogo, sauti ya commissaire. Iko na karatasi ya mihuri mitatu inayomuruhusu kuweka bangi mu kabati. Mimi au wewe tukiweka, gereza. Anasema mu jani moja kuko vitu vingi. Kuko kimoja kinazungusha kichwa, kuko kingine hakizungushi kitu. Yeye anatafuta ni kipi kinanyamazisha maumivu, na kinaingia mu mwili kwa mulango gani. Anasema duniani hakuna mutu anajua bado ule mulango. Nilimwambia ni kinywa. Alinitazama, akarudi ku panya wake. Elimu yangu inanyamazisha watu wengi.

Leo niliona na macho yangu. Kuko bati inapashwa moto, si ya kuunguza, moto ya chai. Panya akiwekwa juu, docteur anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne: analamba muguu, anatolewa. Kisha anapewa tone moja la ile dawa, mafuta ya kijani nzito. Saa moja inapita. Anarudishwa. Docteur akahesabu mpaka makumi mbili na tano. Hajalamba! Muguu haimusumbui!

Nilitazama magoti yangu. Nilitazama chupa.

Kitu kimoja tu sikupenda. Kisha docteur alipandisha panya sita, wamepewa ile dawa pia, juu ya pete za waya, kila mumoja na yake. Walisimama. Macho wazi, hakuna kupepesa. Niliwapulizia, niliwapigia makofi. Kama wamechongwa. Wote sita uso upande wa muto. Niligeuza pete moja iangalie ukuta. Nilienda kumwaga takataka, nikarudi. Panya alikuwa anaangalia muto.

Nilipima joto: 33. Niliandika vibaya kidogo. Labo iko na baridi.

Jumatano, tarehe 7

Mupango umefaulu! Docteur alienda posta. Fungula ya kabati inakaa mu mufuko wa blouse yake, koti nyeupe ya kazi, blouse inakaa ku musumari. Mwanamuke msomi!

Amenieleza mara nyingi, kipimo ni uzito. Panya muzito, dawa zaidi. Bon, mimi panya wangapi? Nilianza kuhesabu. Nilifika mia nne, bado niko ku kiuno, nikachoka. Nilijaza chupa ya dawa ya kikohozi mpaka shingoni.

Pengo mu chupa ya docteur nililijaza na mafuta ya pondu, majani ya muhogo tulikula jana. Kijani kwa kijani. Hata Angèle mwenyewe hangejua.

Alhamisi, tarehe 8

Docteur iko na uso mubaya. Panya wa leo wanalamba muguu ku hesabu ya nne, kama hawakupewa kitu. Amepima upya, ameandika upya. Alisema, kwa sauti ndogo, labda kazi ya miezi sita ni ya uongo. Nilimwambia avumilie, hata mitego kuko siku inatoka mitupu. Sikuongeza neno. Mimi ni mutu wa siri.

Nyumbani nilijaribu matone matano mu chai. Goti? Hakuna. Kichwa? Hakuna. Dawa ya wanawake.

Jambo moja niandike. Nyumba yetu iko kando ya maporomoko, na tangu kuzaliwa kwangu ile maji haijawahi kunyamaza. Leo saa kumi ilinyamaza. Muda wa kuvuta pumzi mbili. Kuku walisimama mu uwanja, muguu mumoja juu. Kisha maji ikarudi.

Nilimuuliza Angèle kama amesikia. Asikie nini, akauliza. Nikasema: asikie kunyamaza. Akaondoa lotoko, pombe yangu kali, ku meza.

Ijumaa, tarehe 9

Alphonse anazoeza kupanda mbele ya watu, shati kifuani wazi. Akaniita papa mudogo mara nne, nilihesabu. Alisema nikitaka atanibeba mugongoni mpaka juu, nifunge kamba, anishushe. Watu wakacheka. Kunibeba! Nilimwambia babake alianguka mu maji kwa muti wa jirani sababu hakusikiliza wadogo zake. Akafunga vifungo vya shati, akaenda. Nilishinda.

Posho, tarehe 10, saa kumi na mbili ya asubuhi

Liboke ya samaki, wa kuchoma mu majani, na mawese, na vijiko viwili vya dawa ndani. Ninangoja.

Saa moja. Hakuna kitu. Nimeongeza vijiko viwili.

Saa moja na nusu. Hakuna kitu. Dawa imekufa mu chupa. Nimekunywa yote ili isipotee bure.

Ninaenda. Nitapanda na nguvu yangu mwenyewe.

Siku ya mungu, tarehe 11

Niko kitandani. Mablanketi tatu. Ninaandika polepole ili kila mutu ajue ukweli, maana mu mutaa wanasema mambo.

Ukweli: nilipanda! Magoti hayakulia hata kidogo. Muguu ulikuwa kama wa mutu mwingine, mutu mwema, ameniazima. Watu kando ya maji wakapiga kelele. Papa Alfani, kapita wetu, yule muzee anayechunga sheria za miti, aliondoa kofia. Nilifika juu. Nikakamata kamba ya kwanza mukononi.

Hapo mikono ikakataa kufunga.

Haikuuma. Ilikataa tu. Nikasema shingo igeuke, shingo haikugeuka. Macho yalibaki wazi, yakakauka. Na maji ikanyamaza. Chini yangu ilikuwa inaruka na kupasuka ku mawe, nyeupe, kubwa, na hakuna sauti. Lakini maneno ya watu nilisikia yote, kama wananiongelea mu sikio.

Alphonse aliita. Alitaka kupanda. Papa Alfani akamukataza: mutu akiwa na kamba ya kwanza mukononi, mwingine hagusi muti. Ni sheria. Alphonse akasema papa mudogo hasogei. Papa Alfani akasema sheria haisemi asogee. Wakakaa chini. Salongo nzima ikasimama kwa ajili yangu, mutaa muzima na kamba mu mapaja, mpaka jua ikafika katikati.

Wakaanza kubishana kama nimekufa. Mwingine akasema maiti haisimami. Angèle akasema nimekufa kabisa, sababu mu miaka makumi tatu na tano hajaniona nimenyamaza hivi. Wakacheka. Kisha nikasikia analia. Ile ilinifurahisha, hata kama sikuweza kugeuka.

Na kuko kitu kingine. Ku muti wa jirani, ule uliovunjika mwaka yaya Pierre alichukuliwa na maji, mutu alikuwa anafunga kamba. Nilimuona kwa pembeni ya jicho. Mugongo tu. Shati ilikuwa inachuruzika maji. Alifunga kamba moja, akafunga nyingine, polepole, kama mutu iko na siku nyingi. Nikamuita, mu kichwa: yaya. Hakugeuka. Nikamwambia anafunga vibaya, kwa mukono wa kushoto kama zamani. Akasimamisha kazi.

Alianza kugeuka.

Hapo nilisikia mutu anapumua chini ya miguu yangu. Ni Alphonse. Amevunja sheria, amepanda mbele ya macho ya kapita! Alifungua vidole vyangu kimoja kimoja kutoka ku kamba, na ku kila kidole akasema: pardon, papa mudogo. Vidole kumi, pardon kumi. Machozi inamuanguka mu ndevu. Akasema alikwisha kupoteza mumoja hapa, hatapoteza wa pili. Kisha, ili tusianguke wote wawili, alihitaji kufunga kitu cha kushikilia. Akafunga kamba ya kwanza.

Mwizi!

Waliniteremsha mu mutego. Ndiyo. Mu kikapu kikubwa cha samaki, miguu inje, saa kumi jioni, wanawake wanaangalia. Docteur Micheline alikuwa ameitwa. Aligusa muguu wangu. Aliinua mukono wangu, akauachilia. Ukabaki hewani, pale alipouacha. Akasema kidogo kidogo: ah bon. Kama mutu aliyepata panya wake aliyepotea.

Alinipima joto. 34. Aliandika. Alikaa na mimi mpaka nilipopepesa jicho la kwanza. Nikamueleza yote, mpaka pondu. Alilia. Akasema moyo ungeweza kusimama, ningeanguka mu maji, yeye angefungwa, na karatasi ya mihuri mitatu hakuna. Alafu akacheka akiwa bado analia, sababu kazi yake ya miezi sita haikuwa ya uongo, ni pondu tu. Ni vizuri kuona msomi anafurahi. Hakusema asante.

Papa Alfani alikuja kukata neno: aliyefunga ni Alphonse, nafasi ni ya Alphonse. Kuvunja sheria atalipa kuku mumoja. Kuku mumoja! Kwa miaka kumi na tisa yangu!

Akauliza pia kitu kingine. Ku muti wa jirani, ule uliovunjika, wamekuta kamba mbili mpya. Zinachuruzika. Fundo la kushoto. Akauliza kama ni mimi nilifunga. Angèle akasema haiwezekani, mikono yangu ilikuwa mahali pamoja kutwa nzima.

Nikasema ni mimi. Nani mwingine?

Jumatatu, tarehe 12

Ku labo nimekatazwa kupita mulango. Kazi yangu sasa ni baraza tu. Bon. Kutoka ku baraza dirisha linaonekana vizuri.

Saa tatu Alphonse alikuja ku baraza na samaki mbili, kubwa. Alisema miti ya chini, pale maji inafika ku magoti, haijafungwa bado. Wamemuachia papa Emile, hakuna mutu mwingine atagusa. Nitakaa ku jiwe, nitafunga, nitawaambia vijana wa juu wapi wanakosea. Mitego ya chini na samaki yake yote itakuwa yangu mpaka nife. Alisema wote wanataka hivyo. Alisema na Angèle anataka. Alichezesha kofia mukononi muda murefu.

Nilimuelewa mara moja. Wameona hawawezi bila mimi! Nikamwambia mimi ni mutu wa juu, mambo ya magoti mu maji ni ya watoto. Aliacha samaki ku mulango, akaenda. Ninamhurumia. Atabaki na kile cheo muda gani? Mwaka kesho maji itashuka tena.

Shida yangu ni nini? Si maumivu. Ile nilishinda. Shida ni kwamba dawa ile ni ya kusimama, na kazi yangu ni ya kupanda. Kosa ni la docteur, alitumia kipande kibaya cha jani.

Lakini leo ametengeneza kipande kingine. Chupa ndogo, mafuta ya manjano, inapoa ku dirisha. Niliona panya wa kwanza akipewa. Huyu hakusimama. Alikamata waya ya kizimba akapanda, haraka, mukono kwa mukono, bila kuteleza hata mara moja. Alifika juu kabisa, pale waya inaisha. Akajiachia, akasimama na miguu ya nyuma, na mikono ile midogo ikaendelea kupanda. Hewa tupu, anakamata, anavuta, anakamata, anavuta. Macho yake yalikuwa juu, kama kuko mutu anamuteremshia kamba.

Docteur alirudi nyuma mpaka ukutani. Aliangusha kalamu.

Mimi nilipiga makofi. Ile ndiyo dawa yangu! Dirisha halina kufuli. Kesho ninakuja na kijiko.