Malalamiko Dhidi ya Mchezo Unaofunguka Upesi

Kwa Fundi Mkuu wa Kompyuta
(ambaye nilimbeba mgongoni mpaka akaota meno)

Ndugu Fundi,

YAH: MCHEZO WA PANYA WA GHALANI KUFUNGUKA UPESI KUPITA KIASI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa haya yafuatayo. Kama ujuavyo, nilikuwa katibu muhtasi kwa miaka thelathini na moja, na katika muda wote huo niliandika barua za malalamiko za mabosi tu. Hii ni ya kwanza ninayojiandikia mwenyewe, kwa hiyo uipokee kwa uzito wake.

Miezi mitano iliyopita ulifika nyumbani, ukaitazama kompyuta yetu ya zamani, ile ya kuunganishwa na televisheni na redio kaseti, ukaionea huruma. Ukaniwekea mchezo wetu ndani ya simu, ukaniambia, "Dada, sasa hutahangaika tena." Tangu siku hiyo hujakanyaga hapa. Hilo ndilo shina la malalamiko yangu. Mengine ni matawi.

1. Mchezo unafunguka papo hapo. Zamani kaseti ilipiga kelele dakika nane ikiuingiza mchezo ndani ya kompyuta, na kwa muda huo hakuna aliyeruhusiwa kutembea, kufunga mlango wala kupiga chafya, kwa kuwa sakafu ikitikisika kidogo tu tunaanza upya. Dakika hizo nane ndizo zilizokuwa bunge la nyumba hii. Humo ndimo ulimotangaza kwamba umefeli mtihani wa udereva, kwa sababu ulijua Mama hawezi kunyanyuka. Humo ndimo mimi na shemeji yako tulimopatana baada ya ule ugomvi wa pazia, maana hakuna aliyeweza kuondoka kwa hasira bila kuharibu mchezo. Siku hizi tukikosana kila mtu ana chumba cha kununia.

2. Paka anaonekana kuwa ni paka. Yule wa zamani alikuwa vidoti sita na kitu kinachochomoza nyuma. Shemeji yako alishikilia kwamba ni kiti, Mama akaapa kwamba ni mwalimu wake wa hesabu. Huyu wa simu ana manyoya na masharubu, na anapepesa macho. Mjadala umekufa.

3. Tulikuwa na panya watatu. Wakiliwa wote, unampisha mwenzako na unanyamaza. Simu inagawa panya bila hesabu. Juzi binti yangu alimwaga sufuria nzima ya maziwa, akaniambia nisijali, ataendelea kutoka pale alipoishia.

4. Kompyuta ile ikizimwa ilisahau kila kitu, ndiyo maana tuliandika alama zetu kwa penseli kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, kando ya vimo vya watoto. Wewe wa kwanza, 9,640. Mimi wa pili, 9,610. Nimeishi miaka mingi nikijua mimi ni wa pili duniani. Simu imenijulisha kwamba mimi ni wa 41,217. Mbele yangu tu yupo mtu anayejiita Bata Moto. Simjui. Hajawahi kula kwangu.

5. Hili ndilo zito. Mchezo wa simu hauharibiki. Kompyuta ile ilikuwa na utu wake: kila Jumamosi ile skrubu ndogo ya kichwa cha redio kaseti, kile kinachosoma utepe, ililegea, kaseti ikagoma, nikakupigia, ukaja na bisibisi yako ya mpini mwekundu. Ukaikaza robo mzunguko, halafu ukakaa mpaka jioni. Kwa miaka ishirini na sita skrubu ile haikukosa Jumamosi hata moja, isipokuwa ile uliyooa, na hata hiyo ilijitahidi. Ni mashine gani ya leo yenye uaminifu huo? Simu hii nimeiangusha mara mbili, mara ya pili kwa makusudi, na inafanya kazi tu. Nimeitafuta skrubu yake, sijaiona. Sasa nikikupigia nikwambie nini? Kwamba vyote ni vizima? Nimekukumbuka, Fundi, na sina hitilafu hata moja ya kukuitia.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima na taadhima:

(a) mchezo wa simu ukawie dakika nane kabla ya kufunguka, ukipiga kelele zilezile;
(b) chafya ya mtu yeyote humu ndani iurudishe mwanzo;
(c) paka arudishiwe sura ya kiti;
(d) simu iharibike kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwa hitilafu isiyotibika kwa maelekezo ya mbali, ila kwa fundi kufika mwenyewe.

Nisipopata majibu ndani ya siku kumi na nne nitalifikisha suala hili ngazi ya juu, yaani kwa Mama, ambaye hukuulizia kila akiona bisibisi.

Msalimie wifi na watoto, na yule jirani yako wa duka la miwani. Shemeji yako anakusalimu. Mama naye anakusalimu, ila kwa masharti.

Ni mimi, mtiifu pale inapobidi,

Dada yako mkubwa
(Katibu Muhtasi Mstaafu)

Nakala:
Mama – kwa taarifa na hatua.
Shemeji yako – kwa taarifa tu. Hatua haitegemewi.

N.B. Shemeji yako amesoma nakala yake, na amekataa kunipa bahasha mpaka niondoe uongo ulio katika namba 5. Haya. Skrubu ile haijawahi kulegea yenyewe. Nilikuwa nailegeza mimi, kila Ijumaa nikimaliza kuosha vyombo, kwa ncha ya kisu cha kumenyea viazi. Kuikaza pia naweza, tangu mwaka wa pili. Na simu usiiguse kabisa, nimebakiza alama ishirini tu nimpite Bata Moto. Ila kompyuta nimeshaitoa stoo na kuiunganisha, na skrubu ya wiki hii nimeshailegeza.