Dawa ya Ogola na Masharti Yake

Eliakim Ogola alikuwa amesimama nje ya kanisa pale Merigi akitafuta mtu wa kudanganya. Ndani, wauguzi walikuwa wakipima watu sukari na presha bila malipo. Ajabu ni kwamba waliopimwa walitoka wamenuna.

"Sukari imepanda kidogo, haijafika ya dawa," Edinah, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alimlalamikia mumewe Weldon. "Eti nipunguze sukari kwa chai, nitembee, nilale mapema. Hata tembe moja hawajanipa!"

"Wamekunyima," Weldon akasema kwa uchungu.

Ogola alielewa papo hapo. Ushauri wa bure hauna ladha. Watu walitaka kitu cha kununua.

Siku ya soko alirudi na chupa za maji ya kahawia: majani ya chai na tangawizi, vimechemshwa pamoja. Akavua kofia kwa heshima, akaitangaza dawa yake kwa jina la Shusha.

Hakuwa tapeli wa jana. Ili asije akadaiwa, aliweka masharti ambayo aliamini hakuna binadamu angeyatimiza, ili dawa ikikataa, kosa liwe la mteja. Chai bila sukari. Soda ni mwiko. Ugali mdogo, mboga nusu sahani. Kutembea kila asubuhi mpaka jasho litoke. Kulala mapema. "Na wenye vidonge vya daktari, endeleeni navyo," akaongeza, kwa sababu alikuwa tapeli, si muuaji.

"Nikikosea sharti moja?" Edinah akauliza.

"Mama, dawa inalala."

Kitu ambacho Ogola hakukijua ni kwamba watu wa huko wakishalipia kitu, hawakichezei. Edinah alitembea. Nguo zikamlegea. Alipopimwa tena, sukari ilikuwa imeshuka, na habari zikafika hadi Mogogosiek. Wateja walimiminika. Ogola akaanza kula kama mtu aliyefanikiwa: chapati, nyama choma, soda baridi ya kuteremshia.

Baadaye akashikwa na kiu isiyoisha. Macho yakaona ukungu hata jua likiwaka. Muuguzi alimpima, akampa vidonge, akamwambia apunguze sukari na atembee. Vidonge Ogola alimeza. Mengine aliyapuuza, akajitibu kwa Shusha, chupa baada ya chupa, maana alikuwa ameisifu hadi akaiamini. Sukari haikushtuka.

Ikabidi aende kwa Edinah.

"Mama, kwako hii dawa ilifanyaje kazi?"

Edinah alimtazama kwa utulivu. Chupa yake ilikuwa imeisha kitambo. Hakununua nyingine, aliendelea tu kutembea, na sukari ilibaki chini. Alikuwa amewaza sana juu ya jambo hilo.

"Umefuata masharti yote?"

"Yote," Ogola akadanganya, kwa mazoea.

"Hata ya ng'ombe?"

Ogola hakukumbuka masharti ya ng'ombe.

"Hayo ndiyo iko na nguvu," Edinah akasema bila kucheka. "Asubuhi unabeba maziwa kwa miguu mpaka pale lori inachukulia. Ukirudi, unakata nyasi. Jioni unapasua kuni. Na utakula chenye mimi napika."

"Na malipo?"

"Ukilipwa, dawa inalala."

Ogola alikuwa ameishi na ulaghai maisha yake yote, na alijua unavyonuka. Boma lile lote lilinuka. Lakini kiu ilimtisha kuliko aibu, kwa hivyo akabeba maziwa. Weldon alimwachisha kazi kibarua wake, akaanza kushinda kivulini na redio.

Miezi ikapita. Suruali ya Ogola ikahitaji kamba. Muuguzi alipompima alitabasamu, akamwambia aendelee hivyo hivyo. Ogola alifunga mzigo wake, akaenda kuaga.

"Mama, nimepona. Sasa narudi Kericho kutafuta maisha."

"Tunashukuru Mungu," Edinah akajibu. "Lakini kupona ni kitu moja. Kubaki umepona, hiyo iko na masharti yake."

Akageuka, akalitazama shamba lao la chai. Magugu yalikuwa yamefika magotini.

Ogola akaweka mzigo chini, akauliza jembe liko wapi.