Majalada ya Kijani na Chumba chenye Dirisha

Jumatatu, 4 Agosti

Nina hasira. Naziandika kwa mpangilio nisije nikasahau hata moja.

Kwanza, hospitali imeanzisha darasa la likizo kwa watoto wa mtaa huu. Kusoma na hesabu, wiki nne. Hilo peke yake halina ubaya. Pili, mwishoni atateuliwa mratibu wa kudumu, na mratibu atapewa chumba cha ghorofa ya kwanza. Kina dirisha. Mimi ni karani wa masjala. Miaka kumi na moja niko chini, chumba hakina hata tundu. Mvua naijua kwa kuona viatu vya wenzangu. Tatu, uongozi wa muda amepewa mkuu wa chumba cha kufulia, ambaye ni mdogo wake mke wangu. Nne, mke wangu amefurahi.

Mganga mkuu anasema shemeji anapendwa na watoto. Mimi nitaandika mahudhurio. Eti nina mwandiko mzuri.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechungulia darasa. Aibu. Watoto thelathini na wanane wamekaa juu ya marundo ya mashuka, shemeji anawasomea hadithi ya fisi kwa sauti ya fisi. Hakuna mstari, hakuna namba. Nilimuuliza wa tatu kutoka kushoto anaitwa nani. Akasema fisi.

Nikamwambia shemeji kwamba darasa bila kumbukumbu ni soko. Akawaambia watoto wampishe shemeji yake arudi chini upesi, maana amezoea giza, akikaa sana kwenye mwanga atapauka kama shuka. Wakacheka. Hata yule fisi.

Mpango: kila mtoto afunguliwe jalada. Mganga mkuu akiyaona, atajua mratibu ni nani. Majalada meupe yamekwisha. Stoo kuna ziada ya kijani, ambayo ni ya kliniki ya meno, na ya manjano, ambayo ni ya kliniki ya wajawazito. Nimechukua kijani. Rangi ni rangi tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Majalada thelathini na manane tayari. Namba, jina, umri, simu ya mzazi. Mkono unauma, roho imetulia kidogo.

Nimeomba dakika kumi kila asubuhi nifundishe nidhamu. Ukisikia namba yako, simama, jipange, mfuate anayekuita, usiulize. Wameshika upesi ajabu. Shemeji kasema nawaswaga kama mbuzi. Nimeliandika neno hilo, na saa aliyolisema.

Tatizo: mganga mkuu hashuki masjala. Ufumbuzi: kesho nitayaweka juu ya toroli la majalada, ambalo hupita mlangoni kwake saa mbili kamili. Yatapita tu, ayaone, yarudi.

Ijumaa, 8 Agosti

Yamepita. Hayakurudi.

Msukuma toroli ana miaka ishirini kazini na hajawahi kusoma jina juu ya jalada. Huangalia rangi. Kijani, meno. Akayashusha yote kwa daktari wa meno, na daktari wa meno anaamini kwamba mwenye jalada ni mgonjwa. Saa nne muuguzi wake akasimama mlangoni mwa darasa akaita namba moja hadi kumi. Wakasimama. Wakajipanga. Wakamfuata. Hawakuuliza.

Hadi saa saba wote wamepanuliwa midomo. Namba kumi na saba alikuwa na jino bovu. Wakampigia mama yake, simu niliiandika vizuri sana, akaruhusu ling'olewe. Mtoto anazunguka na jino kwenye karatasi, anamwonyesha kila mtu. Mama amesema Jumatatu atakuja kuonana na aliyehusika.

Nimeandika barua. Kwamba majalada yote ya darasa la likizo ni wazo na kazi ya shemeji, mimi ni mkono tu. Sahihi, mhuri, nakala tatu. Moja kwa mganga mkuu, moja kwa daktari wa meno, moja kwenye ubao wa matangazo.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama wa namba kumi na saba amekuja kweli. Amekuja kushukuru. Mtoto alikuwa hatafuni upande wa kushoto tangu mwezi wa tano. Daktari wa meno amekuta meno mabovu kwa watoto ishirini na mmoja, na wote watatibiwa bure. Mganga mkuu akauliza wazo hili la busara ni la nani. Daktari akanyoosha kidole kwenye ubao wa matangazo.

Nilimkimbilia mganga mkuu kwenye ngazi, nikamweleza ukweli. Akanitazama kwa huruma. Akasema barua yangu ilikuwa ya kiungwana, nisiichafue sasa kwa wivu.

Shemeji ameteuliwa leo hii, hata wiki nne hazijaisha. Dirisha lake.

Jioni akapita nyumbani. Akaninong'oneza kwamba mwandiko ule anaujua, kazi ni yangu, na amemwambia mganga mkuu hivyo lakini hakuaminiwa. Nikitaka, kila saa ya chai niende nikakae dirishani kwake, kiti ameshaweka. Dharau ya kiasi hiki sijapata kuiona.

Jumatano, 13 Agosti

Nimetafakari siku mbili kwa utulivu. Nimelipata kosa. Barua ilichelewa, tena ilimtaja mtu mwingine.

Kesho bodi ya hospitali inatembelea darasa. Wajumbe saba, wanaume watupu, wote wamekaribia kustaafu. Kila mmoja nimemfungulia jalada lake, lenye namba na simu ya mkewe, aone utaratibu kabla hajaketi. Barua isemayo kwamba wazo ni langu, langu peke yangu, nimeshaibandika ubaoni. Sahihi, mhuri, nakala tatu.

Ya kijani yamekwisha. Nimetumia ya manjano. Yako juu ya toroli, yamenyooka kama rula.

Rangi ni rangi tu.