Kibati cha Salama

Basi lilipokata springi Babati, abiria wote walishuka kulalamika isipokuwa Wolfgang Anselm, ambaye alishuka kutazama. Kulalamika ni kazi ya watu wenye haraka. Yeye hakuwa na haraka hata kidogo, maana Singida alikotoka walikuwa wanamtafuta, na Arusha alikokwenda walikuwa bado hawajamsahau.

Ilikuwa mwaka themanini na tatu. Sabuni ilikuwa imeadimika hata watu wakawa wanafulia majivu, na mwenye sukari alikunywa chai yake amefunga mlango. Wolfgang alitembea mpaka kwenye mashine ya kusaga ya Bwana Alawi, karibu na soko, akasimama mlangoni kwa sababu pale palikuwa na kivuli. Foleni ya madebe ya mahindi ilifika barabarani. Ndani, injini ilikuwa inanguruma na mkanda wake mrefu unazunguka wazi kabisa, bila kinga yoyote, hatua mbili tu kutoka kwa akina mama waliokuwa wanakinga unga.

Hakuwa na nia mbaya bado. Ila alikuwa amevaa kaunda suti ya kijivu, na mfukoni kulikuwa na kalamu tatu, mbili hazina wino. Mwaka ule, mtu wa kaunda suti akisimama kutazama mali yako bila kusema neno, ulijua yamekufika. Alawi alimwona, jasho likamtoka, akazima injini mwenyewe.

"Karibu, mheshimiwa. Umetoka mkoani?"

Wolfgang alikohoa. Riziki ikibisha hodi, si adabu kuiuliza imetoka wapi.

"Idara ya Usalama wa Mitambo," akasema taratibu. "Hii mashine ina kibati?"

"Kibati gani?"

"Ala! Huna kibati?" Wolfgang akatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari anayewatazama ndugu wa mgonjwa. "Kanuni mpya, bwana. Mashine yoyote inayosagia watu lazima ikaguliwe, ipimwe, ipigwe kibati cha salama. Isiyo na kibati inafungwa. Mimi mwenyewe nimesomea Ujerumani mambo haya."

Hakuwahi kuvuka mpaka wa Namanga. Lakini akishataja jina lake, nani angebisha? Jina lile alipewa na padre huko Mbulu siku ya ubatizo, na ndio urithi pekee uliowahi kumfaa.

"Na mashine za wenzangu?" Alawi akauliza, akiinama karibu. "Zikikosa kibati, zitafungwa?"

"Siku hiyo hiyo."

Alawi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi anza na yangu, mheshimiwa. Ada shilingi ngapi?"

"Fedha?" Wolfgang akarudi nyuma. "Fedha ni rushwa! Idara inapokea vifaa tu. Sabuni miche ishirini ya kusafishia vipimo. Mafuta ya kupikia dumu moja, kwa ajili ya bawaba. Na sukari kilo tano."

"Sukari ni ya kazi gani?"

"Kupimia mtetemo," akajibu Wolfgang bila kupepesa jicho.

Sasa, Alawi alikuwa na duka pia, na tangu Machi alikuwa anawaambia wateja kwamba sabuni imekwisha. Siku ile ikaonekana haikuwa imekwisha. Ilikuwa chini ya kaunta, imelala vizuri imefunikwa magunia. Kwa fundi bati mmoja pale sokoni, Wolfgang alikatiwa vibati kutoka kwenye mfuniko wa sufuria, vikagongwa maneno: MTAMBO HUU NI SALAMA. Kimoja akakipigilia misumari ukutani kwa Alawi. Mkanda ukaendelea kuzunguka wazi kama jana.

Kufikia Jumanne alikuwa amepiga vibati mashine tatu, mbili za mjini na moja Maisaka, zote za watu wenye maduka na zote kwa siri, kila mmoja akiamini wenzake ndio watakaofungwa. Sanduku lake la bati lilikuwa na miche hamsini na tano, vifuko vya sukari na madumu madogo ya mafuta. Ukilibeba, bega linapinda. Gesti hakuthubutu kuliacha, kwa hiyo alikwenda nalo Nangara, kwenye mashine ya nne na ya mwisho, ya mama mmoja aitwaye Mektilda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mektilda, au Mama Fabiola kama walivyomwita majirani, alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, kitenge kimejaa unga. Wolfgang akaanza hotuba yake ya kanuni. Mama yule alimsikiliza kwa makini mno, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Miaka mitano nimeandika barua," akasema. "Wilayani, mkoani, kote. Nikiomba waje wakague mashine za huku. Leo umekuja. Mungu mkubwa! Haya, kagua."

Wolfgang hakuwahi kupokelewa namna ile, akavimba kichwa. Akatoa rula, akaisogelea injini inayonguruma, akanyoosha mkono kupima mkanda.

Alishtukia amevutwa ukosi wa kaunda suti hadi akakaa kitako kwenye pumba. Mektilda alizima injini. Kimya kilipotanda, alimwinulia mkono wake wa kulia mbele ya uso. Ulikuwa na vidole vitatu.

"Viwili vilikwenda na mkanda, mwaka sabini na nane," akasema. "Mkaguzi anazima injini kwanza, halafu ndiyo ananyoosha mkono. Hata mimi wa darasa la nne najua. Wewe ni nani?"

"Mama, kule Ujerumani..."

"Fungua sanduku."

"Ni vifaa vya serikali."

"Nimwite balozi wa nyumba kumi? Mzee Marcelino yuko hapo nyuma ya ua, na mgeni yeyote anamwandika daftarini. Atataka na kitambulisho."

Sanduku likafunguliwa. Mektilda akahesabu kwa macho, akapiga mluzi mdogo. Mwaka ule, mtu akikutwa na sabuni nyingi kiasi kile hakuulizwa alikozipata. Aliitwa mlanguzi, akapelekwa. Wolfgang aliijua hesabu hiyo vizuri kuliko yeyote.

"Sabuni sina shida nayo," Mektilda akasema kwa hasira. "Wale uliowaibia ni wezi wenzako. Ila jana nilipita kwa Alawi. Mama mmoja kijana, Rosalia, alikuwa amesimama karibu kabisa na mkanda, mtoto mgongoni. Nikamwambia sogea. Akanijibu, 'Mama Fabiola, si pameandikwa salama?' Unasikia? Zamani walikuwa wanaogopa ile mashine. Wewe umewaondolea uoga, mkanda umeuacha pale pale."

Wolfgang alizoea kulaumiwa kwa kuchukua vitu vya watu. Hili la kuwaachia watu kitu kibaya lilikuwa jipya kwake, na lilimchoma.

"Sanduku litakaa hapa, chini ya pumba zangu," Mektilda akaendelea. "Wewe unarudi kwenye mashine zote tatu. Kila mkanda uwekewe kinga, imara, ambayo nikiigusa tu nitaridhika. Zikiisha, chukua sanduku lako uende zako. Ukikataa, namwita Mzee Marcelino."

"Kinga inatengenezwaje, Mama?"

Alimwonyesha ya kwake: pipa la mafuta lililopasuliwa, likanyooshwa, likafungwa kwenye boriti mbili kwa bolti. Wolfgang alichora kila kitu kwa ile kalamu yenye wino.

Siku tatu zilizofuata Babati ilimjua mkaguzi hasa. Alawi alijaribu kubisha. "Lakini kibati umeshanipa, mheshimiwa!"

"Cha muda! Zima injini. Nimesema zima kwanza! Unataka kunikata mkono?" Wolfgang aling'aka hadi foleni nzima ikanyamaza. Alipima, akagonga, akakataa bolti zilizolegea, akaamuru pipa jingine. Kule Maisaka alimrudisha fundi mara mbili. Inasikitisha kusema, lakini kazi ya halali alianza kuipenda, na jioni alijikuta anaosha mikono kwa uchovu mzuri. Akajikemea upesi. Tabia kama hizo zikimzoea mtu, atakula nini?

Ijumaa Mektilda alizungukia mashine zote, akazishika kinga moja moja kwa mkono wake wa vidole vitatu, akazitikisa, zikakataa kutikisika. Kisha akamkabidhi sanduku lake limefungwa kamba ya katani, zito kama alivyoliacha.

"Usilifungue hapa, akina mama wataona. Na barabarani wanapekua, ujihadhari."

"Asante, Mama. Nitarudi Jumatatu nikupigie kibati."

"Karibu sana," akasema Mektilda, na wote wawili wakajua kwamba ni uongo.

Basi lilisimamishwa kizuizini, mbele ya Magugu. Mgambo walipanda. Bwana mmoja wa kiti cha mbele alikutwa na miche sita ndani ya mto wa kulalia, akateremshwa huku analia. Wolfgang aliangalia dirishani, mlango ukiwa mbali na bunduki ikiwa karibu. Alianza sala ya Baba Yetu, akaisahau katikati.

"Sanduku la nani hili? Kata kamba!"

Likafunguka. Mgambo akachopeka mkono mpaka kiwiko, akautoa umejaa pumba. Akachopeka tena. Pumba tupu, na chini kabisa jiwe moja la kusagia, bovu.

"Unasafiri na pumba? Mpaka Arusha?"

"Za... za nguruwe wangu," akasema Wolfgang.

Mgambo aliitazama kaunda suti, akazitazama pumba, uso ukamlainika kwa huruma. "Hali ngumu, ndugu," akasema, akamfungia sanduku mwenyewe. Wolfgang alisafiri mpaka Makuyuni akishindwa kukata shauri kama amlaani yule mama au amwombee maisha marefu.

Jumamosi ile, Nangara, kila debe la unga lilirudi nyumbani na nusu mche wa sabuni juu yake. Mafuta yaligawanywa kwa vikombe. Sukari haikugawanywa, Mektilda si malaika.

Na kwa Alawi, saa nne asubuhi, mkanda ule uliochakaa ulikatika. Uliruka kwa kishindo, ukalipiga pipa la kinga hata likabonyea, ukaanguka chini ukajikunja kwenye vumbi. Upande wa pili wa pipa, hatua mbili tu, alikuwa Rosalia, debe mikononi. Mtoto mgongoni aliamka, akatazama huku na huku, akalala tena.

Alawi alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Mnaona?" akawaambia akina mama, akitetemeka mwili mzima. "Mnaona? Ndiyo maana mimi nilimleta mtaalamu!"