Nilivyoikalia Injini ya Moto

Wenzangu mliorudi Kisumu, leo nimejivua nguo mwenyewe, na hakuna aliyeniomba. Nawaandikia nikiwa nimesimama, na mtajua kwa nini. (Barua hii inakuja mkononi mwa mtu, si kwa posta. Mkishaisoma, ichomeni.)

Jumapili siendi kazini, mnajua. Mke wangu Nekesa alikwenda soko la Nakivubo kutafuta sabuni, nami nikafunga mlango, nikatoa boksi langu. Ni injini ya mvuke, ndogo, ya kujengwa kwa mkono. Aliniachia yule Mhindi wa duka la saa pale Old Kampala, Wahindi walipofukuzwa nchini. Ukilifungua boksi huoni injini, jamani. Unaona mabamba membamba ya shaba, vipande vyote vimechorwa humo kwa tindikali. Unakata kipande, unakikunja kwenye mstari wake, unalehemu. Na ribiti, vile vichwa vidogo vya misumari! Kila moja unaigonga kutoka nyuma kwa ncha ya msumari, tik, tik, tik, na zipo mamia. (Ndiyo. Mtu mzima, dereva wa gari moshi, anacheza na gari moshi. Endeleeni kusoma.)

Ila naijenga kwa hofu. Siku hizi ukikutwa na kitu cha Mhindi unaulizwa umekipataje, na wanaoulizwa hawarudi kusimulia. Gari likipita nje, naacha kugonga mpaka lipotee.

Leo nilikuwa nimefika kwenye bomba la moshi. Chuma cha kulehemu kilikuwa kwenye sigiri ya makaa, kimeiva. Nikayeyusha risasi ya kulehemu, nikalishikiza bomba juu ya tangi, likakaa sawasawa. Nilifurahi mpaka nikapiga mluzi.

Hapo nikasikia gari. Halikupita. Nikachungulia dirishani: gari jeupe linarudi nyuma taratibu, buti limeelekea mlango wangu. Akashuka mwanajeshi mmoja aliyehamia nyumba ya mwisho kwenye mstari wetu wa nyumba za reli. Miwani ya giza, shati la maua. Akafungua buti.

Ninyi mnajua buti la gari ni la nini hapa Kampala: mtu akitiwa humo haonekani tena. Nikainyakua injini kwa tambara, nikaiweka kwenye kiti, nikaifunika kwa kitambaa alichofuma Nekesa, nikaikalia.

(Bomba lilikuwa limesimama. Sisemi zaidi.)

Akaingia bila hodi. Nikamwamkia shikamoo afande, ingawa ningeweza kumzaa. Nikataka kuinuka kwa heshima, na kwa sababu nyingine, maana shaba haipoi haraka. Akanibonyeza bega.

"Kaa, mzee. Kaa tu."

Nikakaa. Joto likapita kitambaa, likapita kaptula. Hofu inaniambia kaa, makalio yananiambia simama. Yeye akaitazama sigiri, akaitazama risasi mezani, akavuta stuli, akaketi mbele yangu. Hana haraka hata kidogo.

"Bibi yangu nasikia wewe nagonga chuma kila Jumapili. Wewe natengeneza nini hapa ndani?"

Nilikusudia kusema natengeneza kufuli. Badala yake niliruka. Kaptula inatoa moshi, bomba limenasa kwenye kitambaa cha kaptula, injini nzima inaning'inia nyuma yangu. Na maneno yakatoka yenyewe.

"Afande, ni ya Mhindi! Sikuiba, aliniachia! Ni gari moshi tu, haliendi popote! Na sukari iko chini ya kitanda!"

Sukari hakuuliza mtu. Ni ile ya magendo iliyovuka kutoka Busia, na kwa sukari hiyo peke yake watu wamefungwa.

Akavua miwani. Akanizunguka, akaitazama injini inavyoning'inia, kisha akatoka nje kwenda kwenye buti. Nikasali sala zote ninazozijua, mpaka za harusi. Akarudi amebeba beseni kubwa la bati, la kuogeshea watoto. Lina tundu chini.

"Hii natoboka," akasema. "Bibi nasema hapa iko fundi."

Ndipo akacheka, akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikuweza kucheka. Nililehemu beseni nimesimama, risasi inadondoka kila mahali isipokuwa kwenye tundu. Injini aliichomoa yeye mwenyewe, akawa anaisukuma mezani kwa kidole, ananiuliza dereva anakaa wapi. Nilipomaliza akaingia chumbani bila kuonyeshwa njia, akatoka na gunia la sukari. Alituachia kikombe kimoja.

"Mzee," akaniambia mlangoni, "usiambia watu hii mambo ya sukari. Iko watu mbaya."

Miaka yote kwenye injini kubwa sikuwahi kuungua. Leo nimechomwa na injini ya ukubwa wa mkate.

Nekesa aliporudi, alichungulia chini ya kitanda, kisha akaitazama kaptula yangu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini walikuwa wangapi, na walinipiga kiasi gani hata nikasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mafuta ya kunipaka tayari ameyashika.

Nikamwambia wanne.

Kwa hiyo tafadhali, mkija kututembelea, walikuwa wanne.